Mwalimu wa Taipu na Neno Kuchoka

Katika darasa la Mwalimu wa Taipu kulikuwa na maneno mawili yaliyopigwa marufuku. La kwanza lilikuwa tusi, nalo sitalitaja. La pili lilikuwa "nimechoka." Kwa tusi ulisamehewa ukiomba radhi. Ukisema "nimechoka" ulipigishwa taipu kinyume chake, mistari hamsini: sijachoka, sijachoka, sijachoka, mpaka vidole vikafa ganzi. Ukimaliza alikujia na kukuuliza, "Sasa je?" Nawe, kwa kuogopa mistari hamsini mingine, ulijibu, "Sijachoka, Mwalimu."

"Mwaona?" aliwaambia wenzako. "Imerudi."

Kilichorudi ni azma. Hilo ndilo lilikuwa neno lake, na alilitamka kwa kulivuta kidogo mwishoni, kama mtu anayemwita jirani wa ghorofa ya pili. Kwake yeye azma haikuwa kitu cha kupungua. "Mafuta ya taa huisha," alikuwa akisema, "unga huisha, utepe wa mashine huisha. Azma haiishi. Wewe ndiye waondoka ukaiacha imekaa, halafu waja kuniambia imekwisha!"

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, aliyekwisha kupita hamsini, na miwani yake aliifunga kwa uzi mweusi wa kushonea. Alikwenda mwendo wa mtu aliyechelewa, hata akiwa anakwenda dirishani tu. Darasa lake lilikuwa ghorofani, katika nyumba nyembamba ya Mji wa Kale, na kulifikia ulipanda ngazi ya mbao yenye vidato kumi na tisa. Sote tulikuwa tukivijua kwa idadi, maana kila siku tulivihesabu. Palikuwa na mashine sita. Moja haikuwa na herufi "h", na aliyechelewa kufika ndiye aliyeipata, akaandika "abari za asubui" mpaka saa ya kutoka. Tulipolalamika, Mwalimu alitujibu kwamba mwenye azma huandika hata bila "h".

Mimi nilifika kwake nikiwa na miaka thelathini na moja, binti mmoja, talaka moja, na mitihani miwili ya taipu niliyoanguka. Nilikuwa nimerudi kwa mama yangu. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba mimi ni mtu niliyeumbwa na azma kidogo, kama vile wengine wanavyoumbwa na nywele kidogo, na hiyo kidogo niliyopewa imeliwa na ndoa. Asubuhi niliamka nikiwa na hamu ya kufanya mambo. Ikifika adhuhuri nilikuwa nimelala kitandani nikitazama dari, nikijiahidi kwamba Jumatatu nitaanza upya. Nilizipenda sana Jumatatu siku zile. Nilianza upya Jumatatu nyingi mno.

Mwalimu hakuzijua Jumatatu. Hilo nililiona katika mambo ya sukari. Daktari alikuwa amemwambia aache vitu vitamu, naye alitutangazia darasani kwamba ameviacha, mara moja, kama mtu anavyofunga dirisha. Siku ya tatu akaingia ana kipande cha halwa pembeni ya mdomo. Aliyemwona ni Kadzo, msichana wa Kigiriama aliyekuwa akifanya kazi ya nyumba asubuhi kule Kizingo kisha akaja kwetu kwa miguu.

"Mwalimu," Kadzo akasema kwa adabu, "una kitu hapo."

Mwalimu akajipangusa, akakitazama kidole. "Hii ni ya juzi," akasema.

Tulicheka mpaka mashine zikasimama. Mimi nilimtazama uso, nikitafuta haya, maana ningekuwa mimi ningekaa wiki nzima nikijilaani. Sikuiona. Alikilamba kile kidole, jambo ambalo lilituchekesha zaidi, kisha akasema, "Haya, nimeanguka. Mtu akianguka njiani huinuka, akajipangusa, akaenda zake. Hakai chini akasema miguu imekwisha. Sasa ni saa nane na robo. Kuanzia saa nane na robo sili kitu kitamu." Akaacha tena, kuanzia saa nane na robo. Kwa ninavyojua mimi aliacha sukari mara kumi na moja, na kila mara aliacha kwa furaha ileile. Haikuwa kazi bure. Mwisho wa mwaka daktari wake alimsifu, kwa sababu ukijumlisha zile siku alizokuwa ameacha, zilikuwa nyingi kuliko zile alizokuwa ameanguka.

Na alikuwa mtu mwenye raha. Nalisema hili kwa sababu watu wenye kuhubiri bidii mara nyingi nyuso zao ni chungu. Yeye aliimba akibadilisha utepe. Alilala vizuri, na mchana pia alilala: baada ya sala ya adhuhuri alijitandikia mkeka nyuma ya pazia, akakoroma dakika ishirini sisi tukipiga taipu. Akitoka alikana katakata. "Sikulala. Nilikuwa nasikiliza makosa." Kisha akatuelekeza, mmoja mmoja: wewe umepiga nafasi mara mbili, wewe umekwama kwenye "p". Na jambo la kutia wazimu ni kwamba alikuwa akipata.

Lakini katika nyumba ile mlikuwa na mtu mwengine, na mtu huyo alikuwa na elimu yake.

Dada yake Mwalimu, tuliyemwita Bi Mkubwa, alikuwa mrefu, mwembamba, na midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau kidogo. Tulidhani ni tambuu. Yeye aliamini kwamba kila mtu, akiamka, hupewa ndoo moja ya azma, naye akiimaliza hapewi nyengine mpaka kesho. Maisha yake yote aliyapanga kwa ndoo ile. Hakugombana na mtu kabla ya adhuhuri, kwa sababu ugomvi, alisema, hula nusu ndoo. Harusi alihudhuria moja tu kwa mwezi. Mgeni akija alasiri alimwambia kwa upole kutoka kitini, "Umenikuta ndoo tupu, mwanangu. Rudi kesho asubuhi, nitakupenda vizuri zaidi."

Kati yao wawili palikuwa na mabishano ya kila siku, nasi tuliyasikia yote, kwa sababu jiko lilikuwa chini uani na Mwalimu alikuwa juu, na ngazi ilikuwa katikati.

"Dada! Chai!"

"Yaja! N'mechoka!"

"Usilitaje neno hilo, wanafunzi wasikia!"

"Nao wachoke!"

Kisha ngazi ikaanza kulia, kidato baada ya kidato, na katikati kukawa na kimya kirefu. Mwishowe Bi Mkubwa akatokea na sinia la vikombe, akaliweka juu ya meza, akashika ukuta. Mwalimu akatikisa kichwa. "Mtazameni," akasema, "vidato kumi na tisa tu. Kuchoka ni maneno yako mwenyewe, Dada. Ukiyaacha, utaruka."

Sisi tulitabasamu na kunywa chai. Ilikuwa chai nzuri, yenye tangawizi. Miaka mingi imepita, nami bado naona haya kwamba katika watu sita wazima waliokuwa wakinywa chai ile, wakifundishwa kwamba azma haiishi, hapakuwa na hata mmoja aliyesema kwamba chai hiyo haikupanda yenyewe. Mwalimu hakujua kupika hata uji. Chakula chake, maji yake ya kutawadha, nguo zake zilizofuliwa, vyote vilipandishwa ngazi ile na yule aliyeambiwa mvivu. Kadzo peke yake ndiye aliyewahi kugusia. Siku moja, akirudisha vikombe, alisema kama anayejisemea, "Azma haiishi, sawa. Lakini miguu yaisha. Muulize aliyetoka Kizingo kwa miguu." Mwalimu alimpigisha mistari hamsini.

Ilikuwa mfungo mosi, Idi imepita, na watu wote mjini walikuwa wamenawiri kwa biriani na mapumziko. Bi Mkubwa peke yake alikuwa amekonda. Kimya cha katikati ya ngazi kilikuwa kimezidi kurefuka. Mwalimu akaamua kumponya. Alimponya kwa njia aliyoijua: aliketi kwenye mashine nzuri, akapiga taipu ratiba yenye kichwa kilichopigiwa mistari miwili chini, na karatasi ya kaboni ndani ili dada mtu apate nakala yake. Bi Mkubwa alisoma herufi za Kiarabu tu. Akaniletea nakala jikoni, nilipokuwa nimeshuka kuchukua maji.

"Hii yasemaje, mwanangu?"

"Yasema kila asubuhi upande ngazi mara tatu, Bi Mkubwa. Bila kushika kamba ya ngazi. Ili azma izoee."

"Na kushuka?"

"Kushuka hakukuandikwa."

"Basi nitabaki huko juu," akasema, "nami niwe mwalimu."

Nilidhani hatafanya. Lakini asubuhi ya pili yake alipanda mara tatu, Mwalimu akiwa amesimama juu akihesabu kwa sauti na kugonga rula ukutani. Nilimwuliza kwa nini amekubali. Alikaa kidogo akitafuta pumzi. "Huyu ni mdogo wangu," akasema. "Ataka kuona nimepona. Nikimwonyesha, hata mara moja, atafurahi mwaka mzima. Yafaa ndoo moja."

Siku ya pili alipanda tena, na ile zambarau ya midomo ilikuwa imefika kwenye kucha. Siku ya tatu sote tuliacha mashine tukasimama juu ya ngazi kumshangilia. "Kumi!" Mwalimu akahesabu. "Kumi na moja! Kumi na mbili!" Bi Mkubwa akasimama. Akaketi taratibu kwenye kidato cha kumi na mbili, akaliegemeza shavu lake ukutani, kama mtu anayesikiliza jirani.

"Dada, saba tu vimebaki!"

Hakujibu. Baadhi yetu tukacheka, tukidhani ni mzaha wake. Mwalimu akagonga rula mara moja zaidi, pole pole. Kisha akashuka. Sijapata kumwona akishuka vile, mikono mbele, kama asiyeona. Akampapasa uso. "Dada," akasema. "Dada. Sema umechoka. Haya, liseme, sitasema kitu."

Kadzo, ambaye asubuhi hiyo hakwenda Kizingo, ndiye aliyempita, akamshika Bi Mkubwa kwapani, akatuamuru tulete kiti. Tulimshusha kwa kiti mpaka mlangoni. Uchochoro ule haupiti gari, lakini hamali mmoja alikuwa hapo na mkokoteni, amekwisha kuteremsha magunia ya mchele. Aliugeuza papo hapo. Tulitandika mikeka, tukamlaza, na tukaanza kukimbia kuelekea barabara kubwa: hamali mbele, Kadzo na mimi nyuma tukisukuma, Mwalimu ubavuni ameshika mkono wa dada yake, buibui amelivaa ndani nje na rula bado iko mkononi. Hewa ya nje ilimrudishia Bi Mkubwa fahamu kidogo. Alifungua macho.

"Nifunikeni miguu," akasema. Tukamfunika. Akatazama kushoto na kulia. "Musinipitishe mbele ya duka la halwa. Wale ni waongo, watasema n'mekufa. Piteni ndia ya nyuma."

Basi tukapita njia ya nyuma, ambayo ni ndefu zaidi, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumkatalia.

Hospitalini tulikaa mpaka alasiri. Daktari aliyetuita alikuwa kijana, ana picha ya kifua mkononi. Bi Mkubwa alikuwa amelazwa, mpira wa oksijeni puani, macho wazi. Mwalimu alisimama miguuni pa kitanda.

"Mama huyu anachoka tangu lini?" daktari akauliza.

Mwalimu alifungua mdomo ajibu. Sauti ikatoka kitandani, nyembamba lakini wazi kabisa: "Tangu huyu alipojifunza kusema."

Daktari alitabasamu, kisha akatueleza. Moyo wa Bi Mkubwa ulikuwa na kasoro ya miaka mingi, labda tangu homa ya utotoni. Ulikuwa umepanuka, na mlango wake mmoja haufungi sawasawa. Dawa zingemsaidia, na ngazi aziache. "Kusema kweli," akaongeza, akiitazama ile picha, "sijui alikuwa akipandaje. Mtu mwenye moyo kama huu hufika kidato cha tano akarudi. Huyu mama ana azma sijapata kuiona."

Yule kijana alilitumia neno hilo bila kujua. Mwalimu aligeuka akatazama ukuta, na mabega yake yakaanza kutikisika. Bi Mkubwa alimwacha alie kidogo. Kisha akamwita daktari kwa kidole. "Mwanangu," akasema, "maneno hayo waweza kuniandikia? Na muhuri?"

Aliandikiwa. Karatasi ile aliitia kifuani, na kwa wiki kadhaa kila aliyekuja kumtazama alionyeshwa, hata waliokuja kuuliza mambo mengine.

Mtihani wangu ulikuwa wiki tatu baadaye. Nilikwenda kumuaga Mwalimu nikitarajia hotuba. Nilimkuta jikoni, chini uani, mbele ya sufuria ya wali ulioungua chini na mbichi juu, akiutazama kama unavyotazama mashine iliyokwama. Alikuwa ameamua kujifunza kupika, na alijifunza kama alivyoacha sukari: aliunguza, akatupa, akaosha sufuria, akaanza tena saa ileile. Majirani walikuwa wameanza kufunga madirisha.

"Mwalimu," nikamwambia, "naogopa vidole vitakufa ganzi tena katikati ya mtihani, kama mara zile mbili."

Nilingoja aniambie kwamba azma haiishi. Alikoroga kwanza. "Miaka yote ile," akasema, "nilikuwa napanda ngazi kwa azma yangu na miguu yake. Umenielewa?" Nikasema nimeelewa. "Mimi bado nasema haiishi. Nitasema mpaka nife. Lakini kila mtu aisemee ya kwake." Kisha akaniangalia juu ya miwani. "Vidole vikifa, viweke magotini. Vuta pumzi moja. Itarudi, iko hapohapo, haikwenda mbali. Halafu uendelee."

Vidole vilikufa ukurasa wa pili. Nikaviweka magotini, wenzangu wote wakiendelea kugonga kama mvua juu ya mabati, nami nikavuta pumzi moja, ndefu. Mara zile mbili za kwanza, hapo ndipo nilipojiambia kwamba ndoo yangu imekwisha, nikainuka nikatoka. Safari hii nilijiambia, iko hapa, imekaa tu. Sijui kama ni kweli. Najua kwamba niliurudisha mkono juu ya mashine, na kwamba nilifaulu, na kwamba kabla ya mwaka kwisha nilikuwa karani katika ofisi moja kule Mbaraki, kwenye meza yangu mwenyewe, na mashine yenye herufi zote.

Mwalimu alifunga shule. Alisema ni kwa sababu kompyuta zinakuja. Mashine sita ziliteremshwa ngazi ile moja moja, na wawili hao wakahamia Buxton, nyumba ya chini, isiyo na kidato hata kimoja mlangoni. Nilisikia habari zao kwa Kadzo, ambaye sasa naye alikuwa karani. Daktari alitaka Bi Mkubwa atembee kidogo kila siku, ili moyo usizubae, lakini Bi Mkubwa alikataa katakata. Alisema ana karatasi yenye muhuri. Zaidi ya hapo, alisema, yeye hasimami njiani kuhema mbele za watu kama mbwa. Na Mwalimu, kwa vile alikwisha kujiapiza kutomsemea mtu azma yake, hakumlazimisha. Kadzo alikuwa na wasiwasi. "Akikaa tu," aliniambia, "atakwisha."

Ilipita miaka miwili au mitatu kabla sijawaona tena. Nilikuwa natoka kazini, baada ya alasiri, nimekata njia kupitia Buxton, nikawaona mbele yangu wamevaa mabuibui, mmoja mfupi na mmoja mrefu, wakija polepole kando ya ukuta. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Bi Mkubwa anatembea! Kabla sijawafikia, Mwalimu alinyoosha mkono juu, akasimama katikati ya njia.

"Ahaa! Masalkheri! Mwanangu, hujambo?"

"Sijambo, Mwalimu. Shikamoo. Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, marahaba. Na mtoto hajambo? Yuko darasa la ngapi? Mashallah. Na mamako? Goti lake je? La kulia au la kushoto? Na kazini, hawajambo wote? Yule mkubwa wenu ni mzima? Na jirani yenu wa juu?"

"Wazima, Mwalimu."

"Na paka?"

"Hatuna paka."

"Hata mmoja?"

Nilishangaa. Mwalimu niliyemjua mimi alikuwa akisalimu huku akienda. Nilimtazama, na hapo nikaona kwamba ingawa mdomo ulikuwa ukizungumza nami, macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa pembeni, juu ya mkono wa dada yake, ulioushika ukuta. Bi Mkubwa alikuwa amenipa uso wenye tabasamu la adabu, lakini chini ya buibui kifua chake kilikuwa kikipanda na kushuka upesi upesi; alikuwa akihema, na kwa salamu zetu hakuna mpita njia aliyejua.

"Na paka wa jirani?" Mwalimu akauliza.

"Ah," nikasema. "Yule!" Na nikaanza kusimulia habari za paka wa jirani, ambaye hakuwapo duniani: rangi yake, wizi wake, jinsi alivyozaa ndani ya kabati la nguo za Idi, watoto watano, mmoja hana mkia. Mwalimu alishangaa kila palipohitaji kushangaa. "Ati hana mkia! Wallahi?" Nikampa mwengine asiye na sikio. Taratibu ule mkono ukautoka ukuta.

"Nyinyi wawili," Bi Mkubwa akasema, kwa sauti iliyotulia kabisa, "maneno yenu hayana mwisho. Huyu siku hizi amekuwa hivi, mwanangu, kila mtu amsimamisha. Ni uzee. Twende, mdogo wangu, jioni yaingia."

Tukaagana. Nilikwenda zangu kama hatua kumi na tano, nikasikia nyuma yangu sauti ya Mwalimu ikipaa tena. Nikageuka. Safari hii alikuwa amemsimamisha kijana aliyebeba godoro kichwani, ambaye kwa uso wake ilikuwa wazi hajapata kumwona mwanamke huyo maishani mwake.

"Salaam aleikum, baba! Hujambo? Nyumbani hawajambo wote?"

Yule kijana alisita. Kisha akaliteremsha godoro lake, akaliegemeza ukutani karibu na Bi Mkubwa, akaanza kujibu.